Mfuko wa Nne Haukuharibika

Alhamisi, saa moja na dakika kumi asubuhi, Daktari Josaphat aliingia katika kituo kidogo cha afya huko Mulekera, mjini Beni, akamkuta muuguzi Kitsa ameketi sakafuni karibu na kitanda. Juu ya kitanda alilala Précieuse, mwenye miaka ishirini na mitatu, amefunikwa shuka mpaka usoni. Kando yake, ndani ya beseni lililotandikwa vitenge, mtoto wa kike aliyezaliwa jana yake jioni alikuwa anachezesha midomo akitafuta titi.

“Alikufa saa ngapi?” daktari aliuliza.

“Saa kumi na moya, Docteur. Alitoka damu mingi kisha kuzala. Nilimutundikia mufuko moya. Haikufika nusu saa akaanza kutetemeka, joto ikapanda. Nikakata ile damu. Nikakupigia, réseau ya simu haikukuwa.”

Daktari aliuchukua mfuko uliobaki nusu, akaupeleka dirishani. Damu ilikuwa imetulia chini, nyeusi. Maji ya juu, ambayo hupaswa kuwa ya manjano, yalikuwa mekundu kama juisi ya matunda.

“Kitsa, hii damu ilikaa mu joto.”

“Hapana, Docteur! Frigo yangu haikuzimika. Wapime.”

Mlangoni alikuwa amesimama Jonathan, mwalimu wa shule ya msingi, mume wa Précieuse. Alikuwa na chupa ya uji mkononi. Alisikia yote mawili, la daktari na la muuguzi, akachagua la daktari.

Kufikia saa tatu, watu walikuwa wamejaa uani. Kufikia saa tano, jiwe la kwanza lilivunja kioo cha chumba cha chanjo. Inspekta Benoît, mpelelezi wa polisi aliyetumwa Beni kutoka Kananga miaka mitatu iliyopita, alimtoa Kitsa kwa mlango wa nyuma na kumtia amigo, kifungoni penye chumba kimoja na ndoo moja. Nusu alifanya hivyo kwa ajili ya sheria. Nusu alifanya ili wasimuue.

“Ndeko, dada yangu,” alimwambia kupitia nondo, “kesho kutwa, siku ya posho, saa sita ninakutuma parquet, kwa mwendesha mashtaka. Kutoka pale ni gereza. Kama kuko kitu unajua, sema leo.”

“Minajua kitu moya tu,” Kitsa alijibu. “Nilimutundikia damu ili apone.”

*

Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi, Benoît alishuka kwenye gari la convoi, msafara unaolindwa na jeshi, mjini Butembo. Alikuwa amebeba mifuko mitatu ya damu iliyobaki ndani ya glacière, sanduku la kutunza baridi, pamoja na mashine ndogo ya kupimia joto. Akaenda moja kwa moja Mususa, kwenye benki ya damu iliyokuwa imetoa mifuko yote minne Jumanne.

Alipokelewa na Kavuo, mwanamke wa miaka thelathini, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Ndiye aliyekuwa na kazi ya kupaka madoa ya kipimo kwenye mifuko na kusoma kumbukumbu za mashine.

“Nieleze kama unaelezea mutoto,” Benoît alisema, akanyoosha kidole kwenye doa jeupe, dogo kama punje ya mahindi, lililokuwa kwenye kila mfuko. “Hii ni nini?”

“Ni unga, Chef. Ndani yake kuko chembe ndogo sana, hata darubini yetu haizioni. Wamezichanganya na madini adimu, ingine inaitwa erbium, ingine ytterbium. Mashine inatupa mwanga wenye macho hayawezi kuona. Unga unajibu na mwanga wa kijani.”

“Kama kimulimuli.”

“Ndiyo. Mais hii kijani ni mbili, zinafanana kwa macho tu. Mufuko ukipata joto, kijani ya kwanza inazidi nguvu juu ya ya pili. Mashine inazilinganisha, inasema: nyuzi ine, nyuzi kumi. Hata doa ikichafuka, hesabu haiharibike, sababu inatazama zote mbili pamoja. Na hatutoboe mufuko, hatuuguse.”

“Na doa inakumbuka? Kama juzi ilipata joto, leo inaweza kunishitakia mutu?”

Kavuo alitikisa kichwa. “Doa haina kumbukumbu. Inasema joto ya saa hii. Kumbukumbu iko mu mashine: saa, namba ya mufuko, joto. Ikipita nyuzi kumi, ao ikishuka chini ya sifuri, inapiga kelele.”

“Ilipiga kelele?”

“Hata mara moya.”

Walisoma kumbukumbu pamoja. Jumanne, 10:35, benki ya damu, mifuko yote minne: nyuzi tatu nukta nane mpaka nne nukta moja. 12:20, Maboya, mfuko wa kwanza: nne nukta mbili. Hapo jeshi lilikuwa limefunga barabara kwa sababu ya shambulio upande wa mbele. 14:00, Mususa, mfuko wa tatu: nne nukta nne.

“Mususa? Alirudi?”

“Motard wetu wa pikipiki, Muyisa, alirudi. Alinipigia saa saba na nusu. Mais huku nako kulikuwa ville morte, kila mulango umefungwa, na walinzi wa benki walishakimbia. Nikamuambia aweke glacière kwake mu nyumba, asiifungue, asome kila saa mbili mupaka alale, asubui aende na convoi.” Kavuo alitazama mikono yake. “Ni miye nilimuruhusu, Chef. Andika.”

Benoît aliandika. Kisha akasoma yaliyofuata kwa sauti. 16:30, mfuko wa nne, sifuri nukta tatu. 18:30, mfuko wa nne, sifuri nukta tatu. 20:30, mfuko wa nne, sifuri nukta mbili. Jumatano 5:30, mfuko wa nne, sifuri nukta nne. Kabasha 7:10, mfuko wa nne, sifuri nukta sita. Beni 8:50, imepokelewa na Kitsa, mfuko wa nne, moja nukta moja. Baada ya hapo ilikuwa friji ya Kitsa, mifuko mbalimbali, nyuzi tano usiku na mchana.

Inspekta alipiga mluzi. “Huyu motard ni frigo yenye miguu! Na frigo ya Kitsa nayo iko sawa. Donc damu iliharibika mbele ya kutoka hapa, kabla ya safari. Nani anafunga ma glacière?”

“Ni Papa Paulin.”

Paulin, mtunza ghala, alikuja akipangusa mikono kwenye suruali. Mjini walisema aliwahi kuuza damu kwa mlango wa nyuma. Mwenyewe alijua wanavyosema.

“Chef, mbele uniulize, nakujibu: sijauza hata tone. Mutu mwenye anauza damu anakuwa na nyumba ya bati mupya. Njoo uone ya kwangu, mvua inalala na siye mu kitanda.”

“Uliweka barafu ngapi?”

“Pakiti sita, zimeganda kama mawe. Kadibodi katikati ya barafu na damu, sababu damu ikigusa barafu inaumia. Mifuko ine. Kavuo akasoma, nikafunga. Na jana Muyisa alirudisha pakiti zote sita. Zote!” Akacheka kidogo. “Tena zimeoshwa. Siku zote zinarudi na vumbi ya Kabasha, nazisugua miye. Jana zilinukia sabuni mupaka nikamuuliza kama anataka kuoa.” Kicheko kikakatika. “Nilisahau kama iko na kilio. Mungu anisamehe.”

“Kilio gani?”

Kavuo ndiye aliyejibu. “Mutoto wake Providence. Alikuwa na malaria. Alikufa siku ya pili, Jumanne ileile, saa tisa ya muchana. Myaka ine. Ni mutoto wangu wa batizo.”

Benoît aliweka kalamu chini. “Pole, mama.”

“Nilikuwa pale kuanzia saa kumi na mbili. Umeme haukukuwa. Walikuwa wamemulalisha mu kitanda, mishumaa mbili ku kichwa. Muyisa hakuongea na mutu. Alikuwa anapiga magoti kila mara, anafunua shuka ku mbavu, anafunika. Bamama walisema, tazama, mutoto iko kama amelala. Mama yake alikuwa Mangina, mu shamba ya kakao. Walimungojea. Hawawezi kuzika mutoto mama yake hajamuona uso. Muyisa alienda kumuchukua mama huyo Beni siku ya kufuata, kisha kupeana damu.”

Muyisa mwenyewe aliitwa saa tano. Alikuja kwa miguu. Alikuwa mwanamume mpana, mwenye koti la mvua, na macho yake yalikuwa yamevimba. Benoît alimwonea huruma, akauliza kwa upole.

“Papa Muyisa, usiku ule glacière ilikuwa wapi?”

“Kwangu mu nyumba.”

“Uliifungua?”

“Nilikuwa nasoma kila saa mbili, Chef, vile waliniambia. Hata mutoto wangu akiwa pale chini ya shuka, nilisoma. Tazameni mu mashine.”

“Nimetazama. Wengi hawangeweza.” Benoît alisimama, akamshika bega. “Rudi ku kilio yako.”

Saa saba na nusu, kabla ya kupanda convoi, Benoît alimwambia Kavuo: “Kwangu imebaki Paulin ao Kitsa. Paulin sina kitu juu yake. Kitsa ndiye alitundika. Kesho saa ine njoo Beni na karatasi ya mashine, uitie saini. Saa sita anaenda.”

“Na kama si yeye?”

“Basi uniletee mwingine. Ile mifuko nakuachia, itazame vizuri.”

*

Kavuo alifunga mlango wa maabara. Aliipanga mifuko mitatu mezani, akaiacha itulie. Wa kwanza, maji mekundu. Wa tatu, maji mekundu. Wa nne, maji ya manjano safi.

Hapo ndipo alipokaa.

Mifuko minne ilitoka katika friji moja, siku moja. Ilisafiri katika sanduku moja na kulala Beni katika friji moja. Wa pili ulimwua Précieuse. Wa kwanza na wa tatu ilikuwa tayari kumwua mtu mwingine. Wa nne ulikuwa mzima. Ikiwa kosa ni la Paulin, mbona wa nne ulipona? Ikiwa ni la Kitsa, mbona wa nne ulipona? Na tangu saa kumi na nusu ya Jumanne mpaka kufika Beni, mashine haikuwahi kusomeshwa mfuko mwingine ila huo.

Akafikiri juu ya sifuri nukta tatu. Inspekta aliisifu. Paulin angeisifu. Kitsa, alipoipokea ile damu, bila shaka aliisifu pia, akaona hakuna haja ya kusoma mingine. Watu wote hufikiri kwamba kwa damu, baridi zaidi ni uzuri zaidi. Lakini katika miaka mitano Kavuo hakuwahi kuona sanduku lililofungwa vizuri likisoma chini ya tatu.

Alitoa pakiti mbili za barafu kwenye friji kubwa, akaziacha zianze kutoa jasho. Akaweka mfuko wa nne na kadibodi katikati, akangoja saa nzima, akasoma: tatu nukta sita. Akatoa kadibodi, akaulaza mfuko juu ya barafu yenyewe. Baada ya saa nyingine: sifuri nukta tatu. Barafu inayoyeyuka haibadili neno lake. Kwa hiyo mfuko wa nne ulikuwa umelala juu ya barafu, bila kadibodi, peke yake. Na barafu yote ilikuwa pale ulipokuwa mfuko huo, si pale ilipokuwa mingine.

Palikuwa wapi?

Kulikuwa na sehemu moja ya kumbukumbu ambayo hakuna mtu alikuwa na sababu ya kuifungua. Kabla ya kutupa mwanga wake, mashine huvuta kwanza mwanga wa mahali ilipo, ili iuondoe kwenye hesabu usichanganyike na kijani. Ndani ya sanduku lililofungwa, mwanga huo ni giza tupu. Kavuo alifungua masomo ya Maboya: giza. Ya saa nane mchana: giza.

Ya 16:30: mwanga. Ya 18:30: mwanga. Ya 20:30: mwanga. Wekundu mwingi, manjano, buluu karibu hakuna, tena unatikisika.

Alisomesha mashine mwanga wa dirisha. Haukufanana. Akaisomesha taa ya betri. Buluu ilijaa. Akaenda dukani ng'ambo ya barabara, akanunua mshumaa wa faranga mia tano, akauwasha, akausogeza.

Kwenye kioo cha mashine mistari miwili, wa Jumanne na wa mshumaa, ilikaa mmoja juu ya mwingine.

Mshumaa ulikuwa umefika katikati alipokumbuka kuuzima. Jumanne, saa kumi na mbili na nusu jioni, 18:30 kwa mashine, yeye mwenyewe alikuwa katika mwanga huo. Alikuwa amemshika mtoto mguu chini ya shuka, na ule mguu ulimwuma vidole kwa baridi, na ukingo wa shuka ulikuwa na maji. Alifikiri: ndivyo kifo kilivyo. Alimshukuru Mungu kwamba Providence alikuwa bado mzuri.

*

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, Muyisa alikuja kumchukua kwa pikipiki. Inspekta alikuwa amemwita naye kama shahidi wa njiani. Hapakuwa na gari lingine lenye nafasi katika convoi. Kavuo alipanda nyuma yake, akashika chuma cha kiti.

“Marraine, shika miye, barabara ni mubaya,” Muyisa alisema, akimwita mama wa ubatizo kwa Kifaransa.

Alimshika. Walipita Maboya. Kabasha, wakingoja wanajeshi wahesabu magari, Muyisa aligeuka.

“Muke wangu Marie-Jeanne anasema wasingya, asante. Anasema bila weye angelia peke yake.”

Kavuo alifungua mdomo. Angeweza kumwambia pale, na pikipiki bado ingeweza kugeuka. Akamwona Kitsa akilini, nyuma ya nondo. Akafunga mdomo, na lori la mbele likaondoka.

Saa nne na dakika tano, katika ofisi ya polisi ya Beni, walikuwa watu watano: Inspekta Benoît mezani, Kitsa kwenye kiti akiwa hana viatu, Jonathan ukutani na mtoto mchanga mgongoni amefungwa kitenge cha mama yake, Muyisa karibu na mlango, na Kavuo.

“Karatasi,” Benoît alisema.

“Ninayo, Chef. Mais mbele nitie saini, niulize Papa Muyisa kitu moya.”

“Uliza.”

Kavuo hakumtazama Muyisa. Alitazama mashine. “Glacière ililala chumba gani?”

“Mu jikoni.”

“Na mufuko wa ine ulilala chumba gani?”

Muyisa aliegemea mlango.

“Unasema nini, mama?” Benoît akauliza. “Mifuko si iko mu glacière?”

“Tatu ndiyo. Mu jikoni, pembeni ya masufuria ya kilio, bila barafu. Ile moya ilisomwa mbele ya mishumaa, Chef. Mashine ilivuta mwanga wake, ninaweza kukuonesha. Ilikuwa imelala juu ya barafu bila kadibodi. Siku ile, mu Mususa, miye nilikuwa mu chumba kyenye mishumaa. Nilishika mutoto mukono... hapana, mguu. Nilimushika mguu.” Aliisukuma mashine mezani kwa Benoît. “Barafu yote sita ilikuwa chini ya Providence. Na kisha kuzika, ziliguswa na maiti, hawawezi kuzirudisha vile. Waliziosha na sabuni.”

Mtoto mchanga alikohoa, Jonathan akaruka-ruka kidogo bila kujijua ili amtulize.

“Papa Muyisa,” Benoît alisema, na sauti yake haikuwa tena ya jana. “Jibu.”

Muyisa aliketi chini, palepale penye mlango.

“Alinipigia,” alisema. “Marie-Jeanne. Alisema, usimuzike mbele nimuone. Alisema mara tatu. Njia imefungwa, morgue ya maiti imefungwa, wenye kuuza mafuta ya jenereta wamefunga. Saa kumi ikawa kama tumbo la mutoto linaanza kubadilika. Miye niliona. Mama yake amutazame vile? Nikafungua glacière. Nikasema, nachukua mbili tu. Kisha nikachukua ine. Kisha zote.”

“Na mufuko?”

“Mashine ingepiga kelele. Nikaweka mufuko moya pembeni ya mbavu yake, chini ya shuka. Nikipiga magoti, nasoma. Asubui nikauchukua na pakiti moya, nikaufunga mu gazeti, nikaweka juu ya wengine. Nilijua Mama Kitsa atasoma wa juu.”

“Ulijua damu itaharibika!”

“Hapana, Chef! Nakuapia ku kaburi yake!” Akajipiga kifuani. “Damu yetu si ni ya moto siku zote? Iko humu ndani, moto, muchana na usiku, na tunaishi. Nilisema, usiku moya tu, itafanya nini? Nilizani baridi ni sheria ya bureau, kama kofia ya motard.”

Kavuo alijibu polepole, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza. “Humu ndani mwili unapigana na vijidudu, Muyisa. Mu mufuko hakuna mwenye kupigana. Kidudu kimoya kikiingia na sindano, baridi inakilaza. Joto inakiamusha. Asubui ya kufuata ungenipigia, ukasema, Marraine, nilichukua barafu. Ningemwaga mifuko ine, nikakupa ingine ine. Kazi yako ningeipigania. Neno moya tu.”

“Niliona haya.”

Kitsa alikuwa analia, bila kujifuta. “Na miye nilisoma moya,” alisema. “Niliona moya nukta moya, nikasema, asante Papa Muyisa, leo umeleta damu ya baridi. Nikamupa na chai.”

Jonathan alisogea kutoka ukutani. Benoît alinyanyuka haraka, akidhani atampiga. Lakini mwalimu alisimama tu juu ya yule mtu aliyeketi sakafuni, mikono yote miwili nyuma, chini ya mtoto.

“Bibi yako alimuona?” aliuliza.

Muyisa aliinua uso. “Alimuona.”

“Uso ulikuwa muzuri?”

“Ulikuwa muzuri.”

Jonathan alitikisa kichwa mara kadhaa, kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi na kukuta jibu ni sawa, lakini swali silo. “Wa kwangu alikuwa ameuma ulimi,” alisema, akatoka nje.

Saa sita kasoro robo, Kitsa alirudishiwa viatu vyake. Muyisa aliingizwa amigo mahali pake. Kavuo alitia saini karatasi tatu: ya joto, ya mwanga, na ya tatu aliyoiandika Benoît kwa mkono, iliyosema kwamba shahidi, mama wa ubatizo wa marehemu mtoto, aligusa mguu wa maiti siku ya Jumanne na kuukuta na baridi ya barafu. Kwenye hiyo ya tatu kalamu ilitoboa karatasi.

“Mama Kavuo,” Benoît alisema, “nitaandika kama hakutaka kuua. Muamuzi atasoma.”

“Nani atamwambia bibi yake?”

Inspekta alitazama dirishani. “Polisi wa Butembo wanaweza kupita.”

“Hapana,” Kavuo alisema. “Waache.”

*

Saa kumi jioni alikuwa Mususa. Marie-Jeanne alikuwa uani, anaanika vyombo vya watu waliokuja kwenye kilio, sahani za huyu huku, za yule kule. Alipomwona Kavuo peke yake, aliangalia nyuma yake barabarani.

“Muyisa amebaki kutengeneza pneu ya pikipiki?”

“Keti, Marie-Jeanne.”

Alimwambia yote, tangu barafu mpaka amigo. Hakuacha kitu, hata karatasi ya tatu. Marie-Jeanne alisikiliza akiwa ameshika sahani ya bati. Hakupiga kelele. Ilipokwisha, aliuliza kama mtu anayeulizia njia:

“Huyo mama anaitwa nani?”

“Précieuse.”

“Myaka ngapi?”

“Makumi mbili na tatu.”

“Na mutoto?”

“Iko. Ni mwanamuke.”

Jirani alipita na ndoo, akawasalimu. Wote wawili waliitikia.

“Miye ndiye nilimuambia,” Marie-Jeanne alisema. “Mara tatu. Usimuzike mbele nimuone. Nilimuona vizuri, Kavuo. Nilifunua shuka, alikuwa kama anataka kuniita. Nilipiga magoti pale pale nikashukuru. Nilisema, Mungu, umemuchukua, mais umenilindia uso wake.”

Aliiweka sahani juu ya zile za jirani, akaona amekosea, akaihamishia kwenye zake.

“Sasa, nitashukuru nani?”